Siri Kali: Kozi ya Siasa Iliyofungwa 1965

Tarehe 25 Juni 2024, saa kumi jioni hivi, mamangu alinitumia ujumbe kwa WhatsApp. Nilikuwa tauni, upande wa Kencom, macho yanawasha kwa sababu ya gesi. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Rudi nyumbani. Hii serikali wewe huijui."

Nilirudi. Nisidanganye, si mama aliyenirudisha, ni milio ya risasi. Lakini maneno yake yalinikaa kichwani wiki nzima. Mama alitumia neno "kujua" vile watu wa rika lake hulitumia. Kwao, kuijua serikali ni kujua inaweza kukufanya nini. Wazee husema serikali ni siri kali, na wakisema hivyo hawatanii sana.

Usiku huo dada yangu mdogo, aliyekuwa kidato cha tatu, aliniuliza swali rahisi. Wabunge wameshapitisha Mswada wa Fedha, sasa nani anaweza kuusimamisha? Nikamwambia Rais. Akaniuliza: na Rais akikataa kutia sahihi, unaenda wapi? Nikanyamaza. Nilikuwa nimekimbizwa na polisi siku tatu tofauti kwa ajili ya mswada huo, na sikujua njia unayopita. Kesho yake Rais alitangaza kwamba hatatia sahihi. Baadaye ndipo nikajifunza kwamba Kifungu cha 115 cha Katiba kinamtaka aurudishe bungeni na maelezo yake, na kwamba wabunge wanaweza kumpiku wakipata thuluthi mbili ya kura.

Kwa hivyo Septemba nilijiandikisha kwa kozi fupi. Chuo kikuu kimoja hapa jijini, wiki sita, kila Jumamosi asubuhi: serikali ya kitaifa na siasa zake. Nilidhani nitapata darasa limejaa watu wa umri wangu waliotoka barabarani. Walikuwepo, lakini kulikuwa pia na karani wa kaunti, mwanaboda mmoja aliyekuwa akiacha pikipiki kwa askari wa geti, mwalimu wa chekechea, na mzee mmoja mstaafu aliyekuja kila Jumamosi na koti na kalamu mbili mfukoni.

Wiki ya pili, tukiwa kwa chai, mzee aliniuliza ninaishi wapi.

"Roysambu, mzee. Karibu na Lumumba Drive."

Akacheka. "Basi unalala karibu na shule ya kina Odinga, na huna habari."

Kweli sikuwa na habari. Nimepanga Roysambu miaka mitano. Kwetu Lumumba ni mahali. Wikendi ni muziki hadi asubuhi, nyama choma, mutura, boda zimejipanga nje kungoja wateja. "Uko wapi?" "Niko Lumumba." Basi, umeeleweka. Kwamba Patrice Lumumba alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Congo huru, kwamba aliauawa Katanga tarehe 17 Januari 1961 akiwa na miaka 35, hayo nilikuwa nimesoma shuleni. Kwamba upande huu huu wa jiji, nje ya Thika Road, palikuwa na chuo chenye jina lake, chuo cha kufundisha siasa, sikuwa nimesikia hata siku moja.

Mzee alinieleza kwa dakika kumi za chai. Zilizobaki nimezisoma mwenyewe, na ndizo nataka kukusimulia.

Rudi mwisho wa 1964. Kenya imepata uhuru mwaka mmoja uliopita. Novemba, chama cha upinzani, KADU, kinajivunja na wabunge wake wanaingia KANU. Tarehe 12 Desemba nchi inakuwa jamhuri, Jomo Kenyatta rais, Jaramogi Oginga Odinga makamu wake. Ukitazama kwa mbali unaona umoja. Ukikaribia unaona kitu kingine: kwa kuwa hakuna tena chama cha kushindana nacho, mashindano yote yamehamia ndani ya KANU yenyewe. Upande mmoja wako Kenyatta na Tom Mboya, katibu mkuu wa chama. Upande mwingine wako Odinga, Bildad Kaggia, Pio Gama Pinto na wenzao. Ugomvi wao haukuwa wa majina tu. Waligombania ardhi ya walowezi: igawiwe wasio nacho, au inunuliwe na wenye uwezo wa kununua? Waligombania pia marafiki wa nchi, Washington au Moscow.

Na KANU yenyewe ilikuwa chama kibovu. Ilikuwa na bendera, kadi na wimbo, lakini matawi mengi yalikuwa mali ya mwanasiasa wa eneo. Mikutano haikuitwa. Mwanachama wa kawaida alijua kupiga kura na kushangilia, zaidi ya hapo hakujua chama chake kinafanyaje kazi. Lumumba Institute ilianzishwa kujaza pengo hilo. Wazo lilikuwa kuchukua watu wa matawi, kuwafundisha kwa kozi fupi, kisha kuwarudisha nyumbani wakaendeshe chama. Walifundishwa historia ya ukoloni, uchumi, ujamaa, na namna ya kupanga chama kutoka chini. Majina ya Kenyatta na Odinga yote mawili yaliwekwa kwenye udhamini wa chuo, lakini kila mtu alijua ni mtoto wa nani. Pesa zilipitia kwa Odinga kutoka nchi za kisoshalisti, na miongoni mwa walimu walikuwemo Warusi. Pinto alikuwa mmoja wa waliokisimamisha.

Hapa nilitaka kufurahi. Nilitaka kusema: ona, hata sisi tuliwahi kuwa na shule ya wananchi. Lakini mhadhiri wetu, mama mmoja mpole asiyependa majibu ya haraka, aliniuliza darasani: "Shule ya wananchi, au shule ya upande mmoja?" Swali hilo sijalimaliza mpaka leo, na kila nikisoma zaidi linazidi kuwa gumu.

Kwa sababu upande wa pili nao ulikuwa na shule yake. Kule Lower Kabete, mahali palipokuwa Jeanes School wakati wa ukoloni, ilifunguliwa Kenya Institute of Administration mwaka 1961. Hapo ndipo Mwafrika aliyekuwa karani aligeuzwa kuwa afisa wa wilaya. Walimu walitoka Uingereza, na baadaye Wamarekani wa Syracuse University wakaja kusaidia. Kabete ilifundisha sheria, hesabu za serikali, uandishi wa barua rasmi, namna ya kuendesha baraza. Hiyo haikufungwa. Ipo hadi leo, siku hizi inaitwa Kenya School of Government.

Ukiziweka hizo shule mbili pamoja unapata picha nzuri ya mwaka ule. Kabete ilimfundisha mtu namna serikali inavyofanya kazi, lakini haikumhimiza kuuliza inafanya kazi kwa ajili ya nani. Lumumba Institute ilimfundisha kuuliza hilo swali, ila ilikuwa imeshaandaa jibu lake. Moja ililipiwa na Magharibi, nyingine Mashariki. Na mama mboga, kuli wa bandarini, mkulima wa pareto, hao hawakuwa na shule yoyote ya siasa zaidi ya redio na baraza la chifu.

Mwaka 1965 mambo yaliharibika haraka. Tarehe 24 Februari Pinto alipigwa risasi langoni kwake Westlands, binti yake mdogo akiwa ndani ya gari. Alikuwa mwanasiasa wa kwanza kuuawa hivyo tangu uhuru. Chuo kikapoteza mtu aliyejua kupanga mambo kimyakimya. Aprili, Kenyatta alisimama mbele ya umati Kandara, Kaggia akiwepo, akamuuliza hadharani amejifanyia nini tangu watoke kizuizini, ilhali wenzake wamepata mashamba na biashara. Kaggia alikuwa ameacha serikali mwaka uliotangulia kwa sababu ya kutetea wasio na ardhi. Swali lile lilikusudiwa kumwaibisha. Leo ukilisoma unaona lilieleza siasa zote za Kenya kwa sentensi moja: kiongozi anapimwa kwa alichojipatia.

Miezi hiyo hiyo serikali ilitoa waraka unaojulikana kama Sessional Paper Nambari 10, kuhusu ujamaa wa Kiafrika na mipango ya maendeleo. Jina lilisema ujamaa. Ndani, waraka ulisema ukuaji wa uchumi uje kwanza, na kwamba pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa zaidi, yaani maeneo yenye mvua, reli na barabara tayari. Wanafunzi wa Lumumba Institute waliupinga waziwazi. Hawakuwa peke yao. Mwanauchumi kijana aliyetoka kusoma Marekani, Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliukosoa katika jarida la East Africa Journal Julai mwaka huo.

Fikiria kidogo. Ukitoka leo Isiolo kwenda juu, ukiuliza kwa nini lami ilichelewa miaka hamsini, jibu moja liko kwenye waraka huo. Katiba ya 2010 ililazimika kuunda mfuko maalum wa usawazishaji, Kifungu cha 204, ili kupeleka maji, barabara, hospitali na stima sehemu zilizoachwa nyuma. Watu waliokuwa kwa kozi fupi kando ya Thika Road waliliona jambo hilo mapema. Walikuwa na upande, ndiyo. Lakini walisoma waraka wa serikali, wakauelewa, wakasema haufai. Hicho ndicho kitu ambacho sisi tulikifanya na Mswada wa Fedha 2024, tulipoutafsiri kwa lugha zetu na kuusomeana kwa simu usiku. Tulidhani tunaanza sisi.

Bungeni nako presha ilipanda. Wabunge walipitisha hoja wakitaka serikali ikichukue chuo. Kisha Julai 1965 likatokea lile lililokimaliza. Kundi la wanachama, wengi wao wakiwa wamepitia Lumumba Institute, liliingia makao makuu ya KANU jijini Nairobi na kutangaza kwamba viongozi wa chama wameondolewa na wapya wamechaguliwa. Polisi wakaja. Zaidi ya watu ishirini wakakamatwa na kupelekwa kortini. Chuo kikafungwa. Hata mwaka mmoja hakikutimiza.

Nilipofika hapo kwenye usomaji wangu niliweka simu chini. Kwa sababu sisi pia tuliingia jengo. Tarehe 25 Juni 2024, vijana wenzangu waliingia Bunge, na wengine wetu tulikuwa mitaa michache kutoka hapo tukishangilia kama kwamba kazi imeisha. Sisemi matukio hayo mawili ni sawa. Wale wa 1965 waliingia ofisi ya chama chao wenyewe, wakiwa wachache, na nyuma yao palikuwa na mwanasiasa mkubwa. Sisi tulikuwa wengi na hatukuwa na mkubwa. Lakini kosa moja linafanana. Waliona ofisi wakadhani ndiyo chama. Viti vya makao makuu hawakuvipata, na hata wangevipata, matawi yalikuwa bado mikononi mwa wale wale. Walifundishwa kwamba chama hujengwa kutoka chini, halafu walipokosa subira wakaanza kutoka juu.

Kilichofuata unakijua hata kama hukusoma historia, kwa sababu umekaa ndani yake. Machi 1966, kwenye mkutano wa KANU pale Limuru, cheo cha makamu wa rais wa chama alichoshikilia Odinga kilivunjwa vipande vinane. Aprili akajiuzulu serikalini na kuongoza KPU. Bunge likabadilisha Katiba haraka ili waliohama chama warudi kwa wapiga kura. Julai 1969 Mboya naye akauawa jijini. Oktoba mwaka huo, baada ya damu kumwagika Kisumu, KPU ikapigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini.

Na hofu ya darasa la siasa haikuisha na Kenyatta. Juni 1982 Kenya ilifanywa nchi ya chama kimoja kisheria, na mwaka huo huo wahadhiri kadhaa walikamatwa. Al-Amin Mazrui na Willy Mutunga waliwekwa kizuizini. Mwanahistoria Maina wa Kinyatti alifungwa miaka sita. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mutunga alikuja kuwa Jaji Mkuu mwaka 2011, chini ya Katiba mpya. Lakini wazazi wetu walikua katikati ya hizo tarehe mbili. Mama alikuwa shule ya msingi 1982. Nikikumbuka hilo, ule ujumbe wake wa WhatsApp nausoma tofauti.

Jumamosi ya mwisho ya kozi kila mmoja alitakiwa kueleza kwa nini alikuja. Mwanaboda alisema amechoka kuambiwa na kila askari sheria tofauti. Karani wa kaunti alisema anataka kupandishwa cheo, tukacheka, naye akacheka. Mzee alisimama, akafunga kifungo cha koti.

Alisema babake alikuwa mwanachama wa KANU, mtu wa kadi na mikutano. Mwaka 1965 aliomba nafasi ya kwenda Lumumba Institute, akakosa. Alikasirika sana. Miezi michache baadaye, waliokwenda walipoanza kukamatwa, akaacha kukasirika, akaanza kuogopa. Tangu siku hiyo siasa haikuzungumzwa tena nyumbani kwao. Mtoto akitaja jina la waziri mezani, anatolewa nje. Mzee alikuwa darasa la nne wakati huo. Alisoma, akaajiriwa, akafanya kazi serikalini miaka zaidi ya thelathini, akastaafu. "Nimeitumikia serikali maisha yangu yote," akasema, "na sikuwahi kuiuliza kitu. Nimekuja nijifunze kuuliza kabla sijaenda."

Hakuna aliyepiga makofi. Mhadhiri alimwambia tu, "Asante, mzee wangu," na akakaa kidogo kabla ya kumwita anayefuata.

Tulipewa vyeti. Changu kiko kwa bahasha juu ya kabati. Sikwambii kwamba wiki sita zimenibadilisha kuwa mtaalamu. Nilichopata ni vitu vidogo ambavyo nilipaswa kupewa nikiwa kidato cha pili. Kwamba kila kaunti lazima iwasilishe mpango wake wa matumizi kwa bunge la kaunti kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya mwisho wa Aprili, na kwamba kabla ya hapo ni haki yetu kusikizwa. Kwamba Kifungu cha 35 kinanipa haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kunijibu. Hakuna aliyenificha hayo. Yamechapishwa, yanasomeka bure. Ila mtu akikulelea kwenye nyumba ambayo waziri hatajwi mezani, hata kitabu kilicho wazi unakipita kama mlango uliofungwa.

Ndiyo maana nadhani swali la mhadhiri kuhusu Lumumba Institute lina majibu mawili. Ilikuwa shule ya upande mmoja, na ingekuwa vibaya kuisifu kana kwamba ilikuwa ya wote. Lakini wangeweza kuirekebisha. Wangeweza kuweka walimu wa pande zote, kuruhusu mwanafunzi amkosoe Odinga vile anavyomkosoa Mboya. Badala yake waliifunga, wakaiacha Kabete peke yake, na kwa miaka arobaini na zaidi nchi ikaendelea kuwafundisha watawala kutawala, huku watawaliwa wakifundishwa kunyamaza.

Februari 2025 sisi wanne wa darasa, pamoja na mzee, tulienda kikao cha maoni ya bajeti. Viti vya plastiki, watu kama sitini, maikrofoni moja inayokatika. Mimi niliuliza kuhusu mtaro wa barabara yetu ambao kila mvua ikinyesha unageuka mto. Mzee aliuliza pesa za mwaka uliopita zilizotengewa mitaro zilitumika wapi. Afisa alimjibu kwa heshima, akamwomba aandike ombi rasmi. Mzee alikuwa tayari ameliandika. Akatoa karatasi kutoka mfukoni, akataka ipigwe muhuri hapo hapo, na nakala yake pia.

Jumapili iliyofuata nilienda kumwona mama. Nilimweleza yote, kuanzia kikao hadi muhuri, nikimsaidia kuchambua mchicha. Hakusema kitu kwa muda.

"Na wamewajibu?"

"Bado, mama. Wana siku ishirini na moja."

Akaendelea na mboga. Halafu akaniambia, "Wakijibu, hiyo barua uilete hapa niisome."